Moto wa Namugongo na Moto wa Rubaga

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na waalimu waliokusanyika kwa sikukuu ya Jubilei



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliobatizwa, na majina ya wazee waliotutangulia, ambao wengi wao wamelala sasa chini ya miembe waliyoipanda wenyewe. Habari hizo ni haki kuandikwa, maana asiyemkumbuka aliyemlea hana shukrani.

Lakini tulipokuwa tukiyatengeneza mambo ya sikukuu hii, ilisomwa mbele ya wazee orodha ya mambo ya kumshukuru Mungu. Ilikuwa ndefu, nayo ikasomwa mpaka mwisho. Ndipo mzee mmoja akasimama, akauliza, "Hiyo ni orodha ya kushukuru. Orodha ya kutubu iko wapi?" Hatukuwa na jawabu. Tulitazamana, kisha tukayaendea mambo mengine. Lakini neno lile halikututoka moyoni, na leo twataka kumjibu mzee wetu.

Neno lake lilikuwa la haki kuliko tulivyodhani. Katika Torati ya Musa, Jubilei haikuwa sikukuu ya shangwe tu. Ulikuwa mwaka wa hamsini, mwaka wa kuwarudishia watu mashamba yao na kuwaacha watumwa huru. Na baragumu yake ilipigwa siku ya Upatanisho, yaani siku ile watu wote walipojinyenyekeza kwa ajili ya dhambi zao. Basi wao walitubu kwanza, ndipo wakasikia baragumu. Sisi tulitaka baragumu peke yake.

Jambo tulilolichagua kulitia katika orodha ya kutubu ni hili: sehemu ya dini katika ugomvi wa wanadamu.

Wako watu wasemao, na siku hizi ni wengi, ya kuwa dini ndiyo mama wa vita, na kwamba wanadamu wangalikaa kwa amani kama kusingalikuwako makanisa wala misikiti. Wako na wengine, nasi mara nyingi tu miongoni mwao, wasemao, La, dini ni safi kabisa. Vita huletwa na tamaa ya mali na ya utawala, na dini husingiziwa tu. Maneno yote mawili ni mepesi mno. La kwanza husahau ya kuwa vita viwili vikuu vya dunia, vile vilivyoanza mwaka 1914 na 1939, havikupiganwa kwa ajili ya dini. La pili hutuosha mikono kabla hatujaitazama kama ina damu.

Basi tusibishane hewani. Na tutwae nchi moja, tuzitazame habari zake mwaka kwa mwaka. Nchi hiyo ni Buganda, ng'ambo ya Ziwa. Tumeichagua kwa sababu tatu. Ya kwanza, habari zake zimeandikwa na watu wa pande zote. Ya pili, lugha yetu hii ya Kiswahili ilikuwamo, maana Injili aliyosomewa mfalme wa Buganda kwanza ilikuwa ya Kiswahili. Ya tatu, katika nchi ile, katika muda usiotimia miaka sita, dini iliwafundisha watu kufa kwa ajili ya Mungu, na tena watu wakauana kwa jina la dini. Nao walikuwa watu wale wale.

Dini ya kwanza kufika ilikuwa Uislamu. Wafanya biashara Waarabu na Waswahili walifika mbele ya Kabaka Suna yapata mwaka 1844. Mwanawe Mutesa, aliyetawala tangu 1856 hata 1884, akajifunza kusoma, akafunga Ramadhani miaka kadha. Lakini vijana wa nyumbani mwake walipoishika dini kwa kweli, wakakataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu, hata ya mfalme, yeye alikasirika. Na mwaka 1876 wengi wao wakauawa kwa amri yake. Tulikumbuke jambo hilo. Sisi Wakristo tumezoea kusimulia habari za mashahidi wetu, lakini wa kwanza kufa kwa ajili ya dini katika Buganda walikuwa Waislamu.

Tarehe 30 Juni 1877 wakafika wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka wa pili yake akaja Alexander Mackay, fundi hodari wa chuma na mbao. Tarehe 17 Februari 1879 wakafika Padre Siméon Lourdel na Ndugu Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, kutoka Ufaransa. Waganda walimpenda Padre Lourdel, wakamwita Mapera. Walimpenda na Mackay. Na wote waliojifunza, kwa mwalimu yeyote, waliitwa kwa jina moja, wasomaji.

Lakini katika mwaka ule ule wa 1879, Jumapili moja, Mackay alikuwa akisalisha mbele ya mfalme, na Padre Lourdel alikuwapo, asipige magoti. Mfalme akauliza sababu. Mara yakawa mashindano makali mbele ya baraza lote, huyu akisema ya kuwa mafundisho ya yule si kweli, na yule vivyo hivyo. Mutesa akastaajabu, akauliza kama kila taifa la Wazungu lina dini yake. Tangu siku zile wasomaji wa Mackay wakaitwa Waingereza, na wasomaji wa Lourdel wakaitwa Wafransa. Tazameni jambo hili la ajabu: jina la Kristo lilikuwa moja, lakini wanafunzi wake Waafrika wakapewa majina ya nchi mbili za Ulaya ambazo hawajaziona, na ugomvi wao wa miaka mingi ambao haukuwahusu.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga, kijana wa miaka yapata kumi na minane. Mwanga aliwaogopa wasomaji, kwa kuwa walikuwa na Bwana mwingine juu yake. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa Busega. Mwezi wa Oktoba Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwezi wa Novemba Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyethubutu kumkemea mfalme kwa mauaji hayo. Tena tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Mashahidi wa miaka ile ambao majina yao yamehifadhiwa, tangu 1885 hata 1887, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Ndugu zetu, tusimame kidogo hapa penye moto wa Namugongo. Vijana wale hawakuwa na bunduki mkononi. Wengi walikuwa watumishi wa nyumba ya mfalme, wenye tumaini la kupata vyeo vikubwa. Wangaliweza kuponya maisha yao kwa neno moja la kuikana imani, nao hawakulisema. Na waliokusanya kuni hawakuwachagua, huyu wa Mapera, huyu wa Mackay. Waliwafunga pamoja, wakawachoma pamoja. Mwuaji hakuwatenga, wala wao hawakujitenga. Kila asemaye ya kuwa dini ni mama wa vita tu, hana budi kwenda Namugongo kwanza, aeleze ni nini iliyowapa watoto wale moyo wa kufa pasipo kulaani.

Sasa tuondoke Namugongo, twende mbele.

Mwanga, baada ya kuwaua wasomaji, aligeuka akataka kuwatumia. Aliunda vikosi vya vijana, akaweka wasomaji wa dini zote tatu kuwa wakubwa wao, akawapa bunduki na mashamba. Wengine wao walikuwa wameteswa naye mwaka 1886. Apolo Kagwa, Mwanglikana, alipigwa vibaya na mfalme mwenyewe. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, alikatwa mwilini kwa ukatili. Watu hao waliovumilia mateso kwa ajili ya imani sasa walikuwa na watu chini yao, na silaha, na ardhi. Hapo ndipo jambo lilipoanza kugeuka, wala hakuna aliyeliona.

Mwezi wa Septemba 1888 ilijulikana ya kuwa Mwanga alitaka kuwapeleka wasomaji wote katika kisiwa, wafie huko kwa njaa. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakapatana, wakamwondoa katika kiti chake, wakamtawaza ndugu yake Kiwewa. Hapakuwa na vita vya dini siku ile. Dini tatu zilikuwa mkono mmoja. Lakini ushindi ulipokwisha kupatikana, ikabidi vyeo vigawanywe. Nani awe Katikiro? Nani apewe jimbo hili na nani lile? Mapatano hayo ya dini tatu yalidumu mwezi mmoja tu. Tarehe 12 Oktoba 1888 Waislamu, ambao hawakuridhika na sehemu yao, waliwashambulia Wakristo na kuwafukuza. Kiwewa akaondolewa, akatawazwa Kalema.

Wakristo walikimbilia Kabula, katika nchi ya Ankole. Huko ugenini, pasipo mashamba wala vyeo, Wakatoliki na Waprotestanti walikaa kama ndugu. Walimtii kiongozi mmoja, Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Alipouawa vitani mwaka 1889, walimtii Apolo Kagwa, Mwanglikana. Mwanga, aliyekuwa amekimbilia kusini mwa Ziwa, akapokewa na mapadre Bukumbi, karibu na Mwanza, kisha Wakristo wakamrudisha katika ufalme wake. Na mwezi wa Februari 1890 wakawa wamekaza miguu yao Mengo.

Je, walirudi wakiwa ndugu? Walirudi wakagawana nchi. Walifanya hesabu kwa uangalifu sana: kama mkubwa mahali fulani ni Mprotestanti, wa chini yake awe Mkatoliki, na wa chini ya huyo awe Mprotestanti tena, hata kazi zote ziishe. Walidhani wameweka mizani ya haki. Lakini mizani ile ilitaka sheria ya kuilinda, nao wakaiweka: mtu akibadili dini, apoteze kazi yake.

Ndugu zetu, waalimu wenzetu, twawaomba mkumbuke neno hilo moja hata mkiyasahau mengine yote tuliyoyasema leo. Mtu akibadili dini, apoteze kazi yake. Watoto wa Namugongo walikuwa Wakristo kwa kuwa walikuwa tayari kupoteza kila kitu. Sasa, baada ya miaka minne, mtu aliweza kuwa Mkristo wa upande huu au wa upande ule ili asipoteze kitu. Dini ilikuwa imekuwa ukoo. Tena ilikuwa mbaya kuliko ukoo, maana koo huoana na kuzikana, lakini pande hizi ziliangaliana kila siku kuhesabu nani amezidi.

Mwaka ule ule wa 1890 Mackay alikufa Usambiro mwezi wa Februari, na Padre Lourdel akafa Rubaga mwezi wa Mei. Wazee wawili wa mashindano wakaondoka, mashindano yakabaki.

Mwezi wa Desemba 1890 akafika Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza, akiwa na askari na mzinga wa Maxim. Mwaka wa pili yake Wakristo wa pande zote mbili wakaenda pamoja kupigana na Waislamu, wakawashinda. Adui yao alipokwisha kuwa mbali, wakabaki kutazamana wao kwa wao.

Mwezi wa Januari 1892 ulitokea ugomvi kwa ajili ya bunduki moja. Sikilizeni vema: bunduki moja, haukuwa ugomvi wa Utatu Mtakatifu, wala wa Ekaristi, wala wa Papa. Katika ugomvi huo Mprotestanti aliuawa na Mkatoliki. Mfalme aliamua, akamwachilia aliyeua. Waprotestanti wakanung'unika, Lugard akaikataa hukumu ya mfalme, akagawa mamia ya bunduki kwa Waprotestanti. Na tarehe 24 Januari 1892, siku ya Jumapili, Wakristo wa Mengo walipigana. Mzinga wa Maxim ulipiga kutoka ngome ya Kampala. Waprotestanti wakashinda, na kanisa kuu la Rubaga likateketezwa kwa moto. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na mfalme, na baada ya siku sita wakashambuliwa huko pia. Mitumbwi ikazama, wanawake na watoto wakafa maji.

Tangu moto wa Namugongo hata moto wa Rubaga ni miaka mitano na miezi saba. Kutoka Namugongo mpaka Rubaga ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Katika moto wa kwanza Wakristo waliungua pamoja. Katika moto wa pili Wakristo waliichoma nyumba ya sala ya Wakristo wenzao. Imani ya maneno haikubadilika katika miaka ile. Sala ya Bwana ilikuwa ile ile, na Amri Kumi zile zile. Kilichobadilika ni kiti.

Mapatano yalifanywa mwezi wa Aprili 1892, na nchi ikagawanywa kwa dini. Buddu ikawa ya Wakatoliki, sehemu kubwa nyingine ikawa ya Waprotestanti, na Waislamu wakapewa majimbo matatu madogo. Ndipo watu wakahama, na mizigo kichwani, na mbuzi, na watoto, kila mtu akienda upande wa dini yake, akiacha migomba aliyoipanda. Wengi wao walikuwa hawajui hata Sala ya Bwana mpaka mwisho. Lakini walijua ni wa upande gani.

Basi tujifunze nini?

Jambo la kwanza ni la Yakobo na Yohana. Katika Injili wanafunzi hawa wawili waliomba mambo mawili. Mara moja, kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Bwana, walitaka kuita moto kutoka mbinguni uwaangamize. Mara nyingine waliomba viti, mmoja mkono wa kuume na mmoja mkono wa kushoto. Twasoma habari hizo mbali mbali, hatuzifungi pamoja. Lakini ni watu wale wale! Aombaye kiti kwa jina la Bwana hayuko mbali na kuomba moto kwa jina la Bwana. Naye Bwana aliwakemea kwa moto, na kwa viti akawauliza kama waweza kukinywea kikombe chake. Yakobo alikinywea mwisho, akauawa kwa upanga wa Herode. Wakristo wa Buganda walikwenda njia hiyo kwa kurudi nyuma: walianza na kikombe, wakafika kwenye viti, wakaishia kwenye moto.

Jambo la pili ni sehemu yetu sisi tufundishao. Twaweza kusema ya kuwa Mackay na Lourdel hawakuipiga bunduki hata moja siku ya Mengo, na ni kweli, walikuwa kaburini. Nao walikuwa watu wa kujinyima, waliowapenda Waganda hata kufa. Hatuwahukumu. Lakini wanafunzi wao walijifunza kwao mapema sana kumwita mwenzao mwongo, kabla hawajajifunza vema kumwita ndugu. Ugomvi wa bunduki moja haungaliweza kuiwasha nchi nzima kama kuni hazikuwa zimekwisha kukaushwa. Na kuni hizo zilikaushwa na nani, kama si waalimu?

Kwa hiyo kuyajibu maneno mawili ya kwanza twasema hivi: dini haikuuleta ugomvi ule, bali dini iliupa jina, na jina likaupa nguvu. Watu wawili wanaogombea bunduki huweza kupatanishwa jioni ile ile. Lakini wakiambiwa ya kuwa bunduki ile ni ya Mungu, nani awapatanishe?

Jambo la tatu ni kwamba kovu hukaa muda mrefu. Mwaka 1895 Roma ilipeleka Uganda mapadre Waingereza wa Mill Hill, ili watu waone ya kuwa si kila Mkatoliki ni Mfransa. Lakini vyeo viliendelea kuhesabiwa kwa dini. Baada ya zaidi ya miaka sitini, mwaka 1954, kilipoanzishwa chama cha siasa kiitwacho DP, kikategemea sana Wakatoliki, watu walizifumbua herufi zile kwa mzaha, wakasema maana yake ni Dini ya Papa. Na chama kilichoshindana nacho kikasemwa kuwa cha Waprotestanti. Watoto wa watoto walikuwa bado wakiipigana ile Jumapili ya Mengo kwa karatasi za kura.

Lakini hatusemi hayo ili tukate tamaa. Mwaka 1963 Makanisa ya Uganda yalianzisha baraza lao la pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Na mwaka 1969 alipofika Uganda alikwenda akasali hata mahali pa Waanglikana huko Namugongo. Ilikuwa miaka themanini na mitatu tangu moto ule. Walirudi penye kuni, wakaonana.

Na habari moja zaidi, ya siku za karibu. Kaskazini mwa Uganda palikuwa na vita virefu, na kundi la Joseph Kony, aliyejidai kuzisimamisha Amri Kumi za Mungu, liliteka watoto kwa maelfu. Kila jioni watoto walitoka vijijini kwa miguu, wakalala mjini Gulu barabarani, wasije wakachukuliwa. Mwezi wa Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama, Mkatoliki, na Askofu Baker Ochola, Mwanglikana, na Sheikh Musa Khalil, Kadhi wa Waislamu, waliacha nyumba zao, wakaenda kulala usiku kadha pamoja na watoto wale, ili dunia ione. Dini tatu zile zile za mwaka 1888. Safari hii hawakugawana viti, maana hapakuwa na kiti hata kimoja. Walilala chini.

Sasa turudi kwetu, maana ni rahisi kutubu dhambi za Buganda.

Miaka si mingi iliyopita, katika kijiji kimoja cha kwetu, nyumba mbili ziligombana kwa ajili ya njia ya kwenda kisimani. Nyumba moja ilikuwa ya Wakristo, na moja ya Waislamu. Sisi waalimu tulipopata habari, hatukwenda kuitazama njia. Tuliandika barua kwa wakubwa, tukasema ya kuwa Waislamu wanawazuia Wakristo wasiteke maji. Katika juma moja watoto waliacha kucheza pamoja, na katika juma la pili dirisha la shule likavunjwa. Waliotuokoa ni wazee wawili, mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini, waliokwenda asubuhi na kamba, wakaipima njia pamoja. Ugomvi wote ulikuwa wa hatua tatu za ardhi. Walizigawa, wakanywa maji, wakarudi. Barua yetu ilikuwa imekwisha kufika. Hatukuitungia barua ya pili ya kuikanusha. Hiyo itiwe katika orodha, mzee wetu.

Basi twaomba mambo matatu yawe kazi yetu baada ya sikukuu hii, sisi na ninyi.

La kwanza, kila ugomvi uitwe kwa jina lake. Kama ni wa shamba, uitwe wa shamba. Kama ni wa maji, uitwe wa maji. Mtu akija kwetu asema, "Watu wa dini fulani wametufanyia hivi," tumwulize kwanza, "Ni nani, jina lake? Na mnagombea nini?" Kisha tutwae kamba, twende.

La pili, kazi ya mkono wa watu wote isiwe tunda la kugawanya kwa dini. Awekwaye kutunza fedha ya kijiji, au dawa, au shule, aulizwe kama ni mwaminifu na kama aijua kazi. Tukianza kuuliza, "Je, ni wa kwetu?" tumekwisha kuiandika upya sheria ya mwaka 1890.

La tatu ni la waalimu. Tukifundisha habari za dini ya wengine, tuseme maneno ambayo mwenye dini ile, akisimama dirishani akitusikiliza, ataweza kuitikia, "Ndivyo tuaminivyo." Hatuambiwi tuache kuamini yetu. Vijana wa Namugongo hawakuiacha yao. Lakini mtoto atokaye darasani kwetu akijua kumdharau jirani yake, huyo hatukumfundisha dini; tumemkaushia kuni.

Wazee husema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno jema, lakini mganga asiyeuliza ugonjwa ulianza wapi hatagundua dawa. Ndiyo sababu tumeyasema haya siku ya furaha. Mashahidi wetu twawaheshimu, na wimbo wao tutauimba leo kwa sauti kubwa. Lakini tusiwaheshimu kwa Namugongo huku tukiisahau Rubaga, maana mioyo yetu ina njia ya kwenda kote kuwili.

Mungu mwenye rehema atusamehe sisi na baba zetu. Atupe imani iwezayo kufa, isiyoweza kuua. Na watu watakaoadhimisha Jubilei nyingine baada yetu, awape orodha ya kutubu iliyo fupi kuliko yetu.